Ufunguo wa Bi Salanieta

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Bi Salanieta Rokotuibau anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya tishu, hapa Suva, kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike mimi, mbeba chupa za sampuli kutoka chumba cha upasuaji, kwa kuwa waliosoma wote wanamwogopa.

Kazi yake ilikuwa kukausha na kuhifadhi slaidi, vile vioo vidogo vyenye kijipande cha nyama ya mgonjwa chini ya gundi na kioo cha juu. Slaidi hulazwa kwenye trei ndani ya kabati la kukaushia hadi gundi ikauke kabisa, ndipo husimamishwa kwenye droo zake. Ukizisimamisha mbichi, zinagandana kama wachumba.

Kuna mtu aliwahi kuzisimamisha mbichi. Daktari alipotaka kuitazama tena slaidi ya mama mmoja wa kisiwa cha Kadavu, ilikuwa imeng'ang'ania jirani yake, ikavunjika. Nyama nyingine haikubaki. Yule mama akapanda meli tena, akakatwa mara ya pili. Mkosaji hakujulikana. Tangu hapo Salanieta alilitia kabati kufuli, akavaa ufunguo shingoni, na akatushuku sote bila upendeleo.

Nami nilimshuku. Kabati lenye joto, mwenyewe haruhusu mtu kuchungulia: nilijua tu anakausha mizizi ya yaqona, ile tunayoitwanga na kunywa tupate kutulia. Siku moja nikamuuliza.

“Salanieta, humo hamna yaqona kweli?”

“Mna slaidi, mzee. Na pua yako nitaianika humo ukizidi kunusa.”

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: mvua ikinyesha, kabati halifunguliwi, maana unyevu ukiingia, ukungu huota juu ya vioo. Na mvua ya Suva haina adabu. Daktari mkuu aliponung'unika, aliambiwa akazungumze na mawingu.

Wiki iliyopita akaja mrithi wake, Jone Naqiri wa Lautoka. Tulikuwa roho juu. Salanieta asipomwamini, ataondoka na ufunguo, nasi tubaki tunavunja kufuli. Jumatatu, mvua ikimwagika, alimkabidhi ufunguo mbele yetu, kirahisi kabisa. Urahisi huo ndio ulionitia wasiwasi.

Mvua haikukatika hadi Alhamisi. Jua lilipotoka, Jone akatujia kwenye chai, uso umemshuka.

“Mama, ufunguo huu haufungui.”

“Utafunguaje? Wa banda langu la kuku huo. Umejua lini?”

“Sasa hivi.”

“Siku zote hizi hukuujaribu?”

“Si mvua ilikuwa inanyesha, mama.”

Salanieta alimtazama kama anavyoitazama slaidi kwenye mwanga, akitafuta ubichi. Kisha akatoa ufunguo mwingine mfukoni, akampa. Kabati likafunguka. Slaidi zilikuwa zimelala kwa amani, na yaqona haikuonekana. Droo ya chini, hata hivyo, sikuonyeshwa.

Ahsante, Salanieta. Wagonjwa wa visiwa vyote hawakujui kwa sura, lakini majibu yao yamelala salama kwa sababu hukumwamini mtu. Tunakuombea uzee mkavu, kuku wengi na usingizi usio na kufuli.

Jambo moja tu. Ufunguo uliompa Jone mara ya pili nimeutazama vizuri, unang'aa kama uliochongwa jana. Ufunguo uliokaa shingoni miaka yote hiyo haung'ai hivyo. Kwa hiyo siku ukitukumbuka, dada yangu, usibishe hodi. Ingia tu. Ila mvua isiwe inanyesha.