Mguu Ambao Kaka Hakuutoa

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake wa zamani, manahodha mlioacha mashua zenu gatini tangu asubuhi, na nyote mliokuja kumsindikiza kaka yetu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu wengine wote wangelia kabla marehemu hajamaliza shule ya msingi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba fundi cherehani na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya malori, na mama alipenda kusema kwamba kilichomnyamazisha akilia hakikuwa maziwa yake bali ngurumo ya injini. Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kuimaliza mwaka 1974, akaingia sekondari, akafika kidato cha pili, akafukuzwa kwa kosa la kufungua injini ya pikipiki ya mwalimu mkuu ili aone ndani kuna nini, na ingawa aliifunga tena ikawa inawaka vizuri kuliko mwanzo, mwalimu mkuu hakutaka kusikia. Baba alimpeleka gereji, akajifunza ufundi kuanzia 1977 hadi 1980, kisha akafungua gereji yake mwenyewe, kibanda cha mabati ambacho sakafu yake ilikuwa imekunywa oili mpaka ikawa nyeusi, na ukiingia na viatu vyeupe ulitoka umejuta.

Mwaka 1982 yeye na wenzake saba walianzisha kundi la waendesha pikipiki, wakajiita Vumbi Nyuma, wakavaa majaketi ya ngozi hata jua likiwaka, wakafuga nywele, na kila Jumapili wakaondoka na makelele yaliyowaamsha wagonjwa wa mama wodini. Baba alikoma kumtaja mbele ya wateja wake. Lakini leo tuseme ukweli, kaka alikuwa na furaha siku zile, na aliyekuwa kando yake katika furaha hiyo alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, fundi wa kuchomelea vyuma, mwembamba hivi kwamba wote tulimwita Njiti, ambaye alikula kwetu mara nyingi kuliko kwao na ambaye mama alimkemea kama alivyotukemea sisi.

Kundi lilikuwa na utaratibu wake, na naomba mnivumilie niueleze. Kaka aliongoza mbele, Njiti alifunga mkia, na aliyeongoza akiona shimo, mchanga au mafuta barabarani alitoa mguu wake upande ule, aliyemfuata akautoa wake, na kadhalika mpaka kwa wa mwisho, kwa maana injini zilikuwa na kelele na hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Kaka alikuwa akijisifu kwamba kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeanguka nyuma yake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1988 na wifi yangu, ambaye alikuwa muuzaji katika duka la dawa, na ambaye mpaka leo anasema alimpenda kwa sababu ndiye mteja pekee aliyenunua spiriti kwa ajili ya kusafishia kabureta. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1989 na kijana mwaka 1992.

Tarehe 14 Agosti 1993 kundi lilikuwa likimsindikiza mwenzao mmoja kwenye harusi yake, na kwenye kona iliyo karibu na kiwanda cha matofali mpiga picha alikuwa amepanda ukutani akiwasubiri, kwa sababu walikuwa wamepatana naye wapite hapo wakiwa wamenyooka, kifua mbele, miguu yote miwili juu ya pikipiki. Lori lilikuwa limemwaga dizeli kwenye kona ile. Kaka aliyaona mafuta, na hakutoa mguu, kwa kuwa alitaka picha itoke vizuri. Yeye alipita, wengine sita walipita wakiyumba, na Njiti akateleza, akagonga kalavati, akafariki palepale, akiacha mke mwenye umri wa miaka ishirini na tatu na mtoto wa kike anayetambaa.

Polisi waliandika kwamba ni dizeli, kundi likasema ni dizeli, sisi tukasema ni dizeli, naye akanyamaza. Picha ilitoka vizuri. Mama aliiweka kwenye fremu na kuitundika sebuleni, kaka akamwomba zaidi ya mara moja aitoe, mama akakataa akisema mwanawe hajawahi kupendeza namna ile, nasi tukawa tunaifuta vumbi kila wiki bila kumwuliza kwa nini akija nyumbani anakaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

Mwaka 1994 aliuza pikipiki, akafunga gereji, akahamia na familia kando ya ziwa, akaajiriwa bandarini kutengeneza injini za boti, na huko akakutana na nahodha mstaafu asiyependa injini hata kidogo, ambaye alimfundisha kusafiri kwa tanga. Familia ilishangilia. Baba alianza tena kumtaja mbele ya wateja, mama alilala usingizi, na sisi wengine tulienda kila mahali tukisema kaka ameacha uhuni, kaka amekuwa mtu mzima, na hilo linatuuma leo, kwa sababu tulimpongeza kwa kitu kilichokuwa kinamla.

Mwaka 1998 alinunua mashua yake, yenye tanga moja lililojaa viraka, akawa anazunguka ziwa akipima kina kwa kamba yenye uzito wa chuma mwishoni, akiandika kila mwamba uliojificha, kila fungu la mchanga, kila mahali upepo unapogeuka ghafla, na mwaka 2001 akachapisha kitabu cha kwanza cha kuwaongoza manahodha, nakala mia tatu, zikaisha kabla gundi haijakauka vizuri. Ndipo akakodi vyumba viwili juu ya duka la rangi, akafungua nyumba ya uchapishaji, na mwaka 2002 akamtafuta mjane wa Njiti, ambaye wakati huo alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, akamwomba aje wafanye kazi pamoja.

Walifanya kazi meza mbili zikitazamana kwa miaka ishirini na mmoja. Walichapa vitabu vya manahodha, kisha vya mafundi, kisha vya watoto, na hakuna ukurasa uliotoka bila kalamu nyekundu ya mjane huyo, ambaye kaka alimwita shemeji nasi tukamwita hivyo hivyo, maana kaka aliandika mikato kama anayemwaga chumvi. Mtoto wa Njiti alisoma mpaka chuo. Watu walimsifu kaka kwa kumshika mkono mjane wa rafiki yake, naye kila aliposifiwa hadharani alitoka nje ya chumba, tukacheka, tukasema ana haya. Shemeji mwenyewe alimsifu kuliko wote, na nadhani hilo ndilo lililomtesa zaidi.

Mwezi Desemba 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakagundua kwamba moyo umetanuka, akaendelea na matibabu, akalazwa mara tatu. Tarehe 10 Februari mwaka huu alimwita shemeji hospitali. Wifi yangu na mimi tulikuwepo, mimi nikimenya chungwa, na alimwambia bila kuzunguka: "Shemeji, yale mafuta niliyaona."

Shemeji akamwuliza, "Miaka yote hii nasoma kila neno unaloandika, hili ulikuwa unaliweka wapi?" Shemeji alichukua mkoba wake, akatuaga wifi na mimi kwa adabu, akaondoka, na vile vyumba viwili juu ya duka la rangi havijafunguliwa tangu siku ile. Kaka alikaa wiki tatu akinyanyua kichwa kila mlango ulipofunguliwa, na alfajiri ya tarehe 2 Machi, akiwa na mke wake na watoto wake, akafariki dunia.

Alikuwa ametuachia agizo moja, kwamba maandishi yoyote yatakayosomwa juu yake yapite kwanza kwa msahihishaji wake, kama maandishi mengine yote. Tulibishana sana, kijana wake akasema ni ukatili kumpelekea mama huyu kazi kama hiyo, na kweli tuliona aibu, lakini binti alizipeleka karatasi, na jana zikarudi. Ameondoa mikato mingi, ingawa mnasikia kwamba mingine nimeirudisha. Pale tulipoandika kwamba marehemu alikuwa mpole kwa kila mtu ameandika kwamba wachapaji aliowafokea wasingekubali. Pale tulipoandika kwamba rafiki yake alifariki kwa ajali iliyosababishwa na dizeli amekata mstari mzima, na ile sentensi niliyowasomea, ya kuona na ya kutotoa mguu, ni mwandiko wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupikia tangu siku ya kwanza, manahodha waliobeba jeneza, wanachama wa Vumbi Nyuma waliokuja leo kwa miguu, na wafanyakazi wenzake, na tunamshukuru msahihishaji wake, ambaye yupo hapa, ameketi nyuma pamoja na binti yake.

Mwishoni tulikuwa tumeandika yale maneno matatu ambayo kila familia huyaandika. Mawili ya mwisho ameyakata, na pembeni ameandika kwamba hayo bado hawezi kuyapitisha. Familia haikumbishia.

Kaka, pumzika.