Chachu ya Wazazi Wawili

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi wakwe zangu mliotoka Kibondo alfajiri: amahoro, amani kwenu!

Makofi acheni kwanza, nataka masikio. Leo tunamuaga mjukuu wangu Ange, anaolewa na Sylvesta. Chungu cha pombe kile pale katikati, wazee wote wametia mirija yao, isipokuwa mkwe wangu Melkiadi, baba mdogo wa bwana harusi. Nimemsikia akinong'ona, mimi si kiziwi: "Binti mwenyewe mchanganyiko. Mama Muha, baba mkimbizi wa kambini."

Haya, mkwe, tuongee.

Darasani sijakanyaga, lakini pombe nimepika miaka arobaini. Ange yeye amesomea chachu yenyewe, vile vidudu visivyoonekana. Siku moja kanipigia simu anapiga kelele: "Bibi! Bia ya chupa ina wazazi wawili!"

Nikamuuliza, "Umelewa?"

"Sijalewa, Bibi, sikiliza!"

Jamani, nilisikiliza mpaka maharage yakaungua! Kumbe chachu ya bia ile ni chotara. Mzazi mmoja ndiye huyu wetu wa pombe na mkate, anapenda joto. Mwingine ni wa porini, baridi haimtishi. Walikutana huko Ulaya, zamani sana, na mtoto wao akaweza kuchachusha kwenye baridi ambamo mzazi wa joto angelala usingizi. Leo bia nyingi duniani ni kazi ya mtoto huyo! Je, mkwe, chupa uliyomaliza sasa hivi uliiuliza kabila lake?

Msicheke sana, nami nilikosa. Binti yangu Maximilla aliponiletea Nduwayezu, baba yake Ange, kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila, nilimnyima mrija. Nilimpa kikombe, akanywea mlangoni peke yake. Akashukuru, akakiosha, akanirudishia. Nilipougua, nani alinibeba mgongoni hadi hospitali? Ni huyo huyo. Kile kikombe kinanichoma mpaka leo.

Ange anasema chotara yule hazai vizuri, anajigawa tu. Hapo, wanangu, msimwige! Nataka vitukuu.

Mkwe Melkiadi, mrija huu nimeukata mwenyewe asubuhi. Usichelewe kama nilivyochelewa mimi. Ange, mpelekee baba mkwe wako kwa mikono miwili.

Ameupokea! Sogeeni, mpisheni afike chunguni. Inama, mkwe, vuta!

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa nipeni makofi yangu.