Kahonzi Hajui Atapika Nini

Tuktuk ilikuwa haijatoka Muyeye, na Bi Raiya alishajua kwamba safari hiyo haitakuwa ya kimya. Kushoto kwake alikaa kijana mwenye fulana ya shirika la misaada, akipitia picha kwenye simu. Kulia, mama mmoja wa Vitengeni aliinama, akatazama, akasema, "Huyo ni mimi."

Kwenye picha alikuwa ameshika sufuria tupu, na chini yake pameandikwa: Kahonzi hajui atapika nini leo.

"Shikamoo, mama!" kijana alichangamka, kama aliyekutana na mwimbaji. "Mimi ndiye niliyeiweka mtandaoni. Watu elfu arobaini wameiona."

"Na wakwe zangu wamo. Nani aliwaambia sijui nitapika nini?"

"Lakini picha hiyo ndiyo iliyowaletea tangi la maji, mama."

"Tangi tumeliona, ahsante. Mimi nauliza habari ya sufuria."

Bi Raiya aligeuza uso akatazama njia. Masikio aliyaacha mle mle ndani. Kijana akaeleza, kwa adabu, kwamba wafadhili hawatoi kitu mpaka waione shida kwa macho yao.

Tuktuk ikasimama sokoni. Kahonzi akashuka, akajifunga leso yake vizuri, kisha akainama tena mlangoni.

"Wenzako walipokuja niliwachinjia jogoo, maana mgeni haondoki kwangu na njaa. Walipokwisha kula, ndipo waliponiambia niishike ile sufuria."