Mama Katapila na Bwawa Lake la Udongo

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 2 Januari 1972 akaajiriwa idara ya barabara, mwanamke wa kwanza pale kuendesha katapila, jina likamganda hata mawifi zake wakasahau lile la kuzaliwa.

Tarehe 17 Agosti 1975 alifunga ndoa na baba yetu, fundi mitambo wa karakana ileile, wakajaliwa watoto watatu, sisi tuliojifunza kuhesabu kwa boliti na nati.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2001, akanunua katapila kuukuu, akaziba kwa tuta korongo lililokuwa likimega shamba lake, akishindilia udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka kwa miezi minne, huku majirani wakimtania kwamba anawajengea mbu beseni. Mvua zikalijaza likawa bwawa, wakaja bata maji, fisi maji na pongo, na lile korongo la ardhi likawa makazi ya korongo wenye mabawa, na kila Jumapili familia zikawa zinatandika mikeka ukingoni, watu wakivua kwa ndoano na kupiga kasia.

Tarehe 21 Aprili 2009, baada ya mvua ya siku tatu, maji yalikaribia kuvuka tuta, na chini yake kulikuwa na nyumba kumi na moja. Pa kuyatolea palikuwa mahali pamoja tu, pale kilipokuwa kibanda cha wageni alichokijenga kwa kiinua mgongo chake chote kilichosalia, kikingoja kufunguliwa Jumamosi. Baba alimsihi asubiri, huenda mvua ikakatika, naye akapanda mtambo, akasema, "Kibanda nitajenga tena, mume wangu. Jirani simjengi." Akakisomba, akakata mfereji pale, maji yakapita pembeni, tuta likasimama, hakupotea hata kuku. Mchana ule tulimwona akilia, akiokota makopo ya rangi kwenye tope, na waliokijenga upya, mwaka 2010, ni majirani wale wa beseni.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021, lakini hata wiki ya mwisho alikaa kitini juu ya tuta, akimwonyesha binti yake pa kushindilia, hadi tarehe 3 Juni 2023, saa tatu asubuhi, alipofariki mkono wake ukiwa mkononi mwa baba, akiacha wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliombeba kwa zamu, na wenzake wa idara mliosawazisha njia ya kaburini asubuhi hii. Mama, zima mtambo, shuka taratibu, pumzika kwa amani.