Ngumbao Kambi na Mayai ya Kupe

Nawaamkua nyote, mliokuja kulia na mliokuja kula. Mimi ni Pola, nyanya yake marehemu, niliyemlea, na karatasi hii alitaka kuisoma mwanangu Tsuma, ami yake marehemu, nikamnyima, kwa maana Tsuma ana lake.

Ngumbao Kambi alizaliwa hapa Ganda tarehe 9 Aprili 1985, akaanza shule mwaka 1992, akasoma hadi chuo kikuu huko bara, na mwaka 2010 akarudi na shahada, tukachinja mbuzi, kumbe alichosomea ni kupe.

Mwaka 2011 aliajiriwa kule Kikambala, kazi yenyewe kumchunguza kupe jike, ambaye, alivyonieleza bila haya, hunyonya ng'ombe kidogo kidogo mpaka apandwe, kisha hubugia damu akavimba kama harage, akadondoka, akajificha, na damu ile ya ng'ombe wa watu ikageuka mwilini mwake kuwa protini ya kiini cha mayai, kipimo chake kikapanda, kikapanda, halafu kikashuka inapoingia kwenye mayai, akataga maelfu, akafa. Miaka kumi na minne, mwanamume mzima, anapima kiini cha yai lisiloliwa.

Alimuoa Janet kanisani tarehe 18 Agosti 2012, wakajaliwa Zipporah na Nyale, ambao kwa bahati yao wamefuata akili za mama.

Tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2025, akiwa likizoni, alileta kupe wake nyumbani ndani ya vichupa, akawashika kwa vidole vitupu, eti glavu zinamchelewesha, mmoja akamganda pajani, na tarehe 9 akashikwa na homa na vipele, pale alipong'atwa pakawa kidonda cheusi. Janet akamsihi waende hospitali, akakataa, kwamba kupe ndio wanaanza kutaga na akikosa siku moja vipimo vyake vitaharibika, Janet akaja kwangu analia, nikaenda na fimbo, mjinga akajifungia. Tarehe 17 tulivunja mlango, na tarehe 19 akafa hospitalini Malindi, daktari akatuambia, Tsuma akiwepo, kwamba ni homa ya kupe, na angekwenda mapema vidonge vingetosha.

Sasa tangu jana nasikia huko jikoni na chini ya turubai mnanong'ona kwamba Janet kamroga, kwamba tukishazika atolewe arudi kwao Kaloleni, na nyumba aingie Tsuma. Tsuma, daktari ulimsikia kwa masikio hayo yaliyokuzidi kichwa, mganga umemfuata kutafuta nini? Aliyemuua Ngumbao ni kupe na ubishi wake, na kiwanja hiki ni changu, chifu yule pale ameketi anajua, basi anayetaka kumtoa Janet aanze kunitoa mimi.

Tunawashukuru madaktari, walioletewa mtu nusu maiti wakajitahidi, majirani kwa maji na kuni, na ninyi wenzake wa kazini, ambao nimewaona mkichungulia dirishani mkitafuta vichupa, msijisumbue, nimevichoma.

Pumzika, Ngumbao, ukiweza. Mkeo haendi popote.