Historia ya Mwalimu Timotheo Mlahagwa, Mkuu Aliyewauliza Walimu Wake

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Simoni, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu, Mwalimu Timotheo Mlahagwa, naye angekuwepo angeniambia nisome kwa sauti, nisimung'unye maneno.

Marehemu alizaliwa Mamboya tarehe 9 Machi 1930, akabatizwa na kusoma shule ya misheni hapo hapo, akahitimu ualimu mwaka 1951, akapangiwa Msowero, na tarehe 14 Septemba 1957 akafunga ndoa na shemeji yetu Magreti, wakajaliwa watoto wanne.

Uhuru ulimkuta amehamishiwa shule ya hapa Mikumi, na Januari 1968 akawa mwalimu mkuu, mkali kweli kweli, hata sisi wa nyumbani tulimwogopa. Lakini alikuwa na desturi ambayo hatujaisikia kwingine, kila mwisho wa muhula aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, walimu wakasimama mbele mmoja mmoja kueleza uongozi wake umewafaa wapi na umewaumiza wapi, naye alijiwekea sharti la kutojibu mpaka shule ifunguliwe. Mwaka 1974 Mwalimu Yunis alimwambia waziwazi kwamba shamba la pamba la shule limemeza masomo, na kwamba siku hizi anawaendesha kama nyapara wa mkonge. Kaka alirudi nyumbani amenuna, likizo nzima hasogeleki, ila shule ilipofunguliwa aliwaambia walimu kuwa Yunis amesema kweli, akarudisha vipindi vyote vya asubuhi darasani. Pamba ikapungua, wakubwa wa elimu wakamwita mpinga siasa ya kujitegemea, wakamtaka arudishe saa za shamba ama aache cheo. Alikataa, na tarehe 1 Julai 1975 akawa mwalimu wa kawaida katika shule ile ile. Tusidanganyane, ilimuuma, alikipenda cheo kile, na shemeji anajua alivyokuwa akikosa usingizi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana, akalazwa Kilosa, na alfajiri ya tarehe 20 Mei 1978 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliolala nasi matangani, na walimu wenzake, ambao jana waliomba jeneza walibebe wao, Mwalimu Yunis atangulie na msalaba, nasi tumekubali. Cheo hakikurudi mpaka anakufa, lakini walimu hawa hawakuwahi kumwita jina jingine ila Mkuu, hata mbele ya mkuu mpya, naye akazoea.

Kaka yetu, pumzika kwa amani, Mkuu.