Herufi Sita za Sinematografu

Jumanne, tarehe 15 Novemba 1983, saa kumi na nusu jioni, sinema ya mwisho ya mtaa wetu hapa Lyon ilikuwa haijauza tikiti hata moja. Ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya kufungwa. Anselme, mwendesha mashine kwa miaka thelathini na tatu, alitumiminia kahawa iliyobaki kwenye chupa yake, sisi watatu wa benchi la mlangoni. Desturi tuliijua: ikifika saa kumi na moja na robo bila mtazamaji, filamu haionyeshwi.

— Mtu mmoja tu, alisema. Mmoja ananitosha.

Akaingia kuweka filamu. Juu yetu, kwenye kibao cha taa, neno CINÉMATOGRAPHE liliwaka nusu: herufi sita za mwanzo tu, CINÉMA.

— Kigiriki hicho, alisema Profesa, mwalimu mstaafu. Kuandika mwendo. Mparisi mmoja aliliandikisha mwaka 1892, haki zikamponyoka, wenye kiwanda cha vioo hapa Lyon wakalichukua.

— Mparisi! alidakia Sahani, aliyezeekea kiwandani akikata vioo vya kupigia picha, zile sahani zilizompa jina. Neno limezaliwa kiwandani kwetu, saa ya chakula. Babu alikuwepo.

— Babu yako alikuwa anakula soseji.

— Kwani anayekula hana masikio?

— Haya, Warusi mbona wanasema kino tu?

— Baridi, mzee. Kule ukiachama sana, meno yanaganda.

— Na sisi tunaosema sinema, tuna baridi gani?

— Sisi ni taa. Tazama juu! Ukumbi wa kwanza taa za herufi za nyuma ziliungua, wa pili ukaiga, dunia nzima ikafuata.

— Usitufanye watoto, bwana.

— Kanusha basi!

Mwanamke mwenye mfuko wa mboga alisimama mbele yetu.

— Samahani, mabwana. Leo wanaonyesha nini?

Fremu ya bango ilikuwa tupu. Profesa alimtazama Sahani. Sahani alinitazama mimi. Mimi nilitazama kikombe.

— Ya mapenzi, nadhani, alisema Sahani.

— Au ya vita, alisema Profesa.

Basi lilifika kwenye kona. Mwanamke alipanda.

Saa kumi na moja na robo Anselme alitoka, koti lake la kazi limefungwa vifungo vyote.

— Hakuja mtu?

— Hakuna, ndugu yangu, alisema Profesa.

Sahani na mimi hatukumtaja yule mwanamke wa mboga.

Saa kumi na moja na dakika ishirini, herufi sita zilizimwa.